Kutopea kwa Kizungu

Nilipohitimu ngumbaru, zile shule za jioni za watu wazima, Kiingereza kilinijaa hadi masikioni. Nikipiga chafya, inatoka sarufi. Na kichwa kikijaa hivyo, hakikosi kubuni daraja.

Mke wangu alikuwa mjamzito, na zahanati iko ng'ambo ya hori la Takaungu, ule mkono wa bahari uingiao nchi kavu. Kuzunguka kwa barabara ni sawa na kwenda Hija kwa miguu. Nikaamua maji yakipwa nitatandaza makuti na mbao za mnazi juu ya tope, avuke kama bibi harusi.

Mwalimu wetu, mtu wa bara, aliposikia alicheka, akasema mpango huo ni "yutopiani". Nikarudi nyumbani nimevimba kwa fahari, nikamtajia mke wangu neno lile.

"Si kasema utatopea, mume wangu?"

"Hicho Kizungu, bibi! Kwa Kizungu mtu hatopei. Neno refu vile litakuwaje tusi?"

Asubuhi akanisindikiza. Mbao za mwanzo zilinibeba vizuri, nikampungia mkono. Katikati ya hori ubao ukateleza. Tope likanimeza magoti, kisha mapaja, baridi kama ulimi wa maiti. Nilipojikukurusha, likanivuta kiunoni. Na kule mdomoni mwa hori maji yalikuwa yameanza kurudi, polepole, bila kelele.

Baadaye mwalimu alinifafanulia: neno lile limetoka kwa Wayunani wa kale, maana yake "pasipo mahali", na husemwa kwa wazo zuri lisilotekelezeka. Mimi nilikwisha kufafanuliwa na miguu. Ilitafuta mahali pa kukanyaga, na mahali hapakuwepo.

Pale topeni nikapiga ukelele, naapa Malindi nzima waligeuka. Kisha nikamwona mke wangu, na tumbo lake, anakuja juu ya mbao zangu.

"Rudi! Rudi, mama! Utazama na mtoto!"

"Nyamaza! Lala kifudifudi!"

Akapiga magoti kwenye ubao, akanirushia ncha ya leso aliyojitanda. Maji yalikuwa yakinilamba kifua. Nikalala, nikajiburura, kiatu kikabaki, suruali nusura ibaki.

Nilingoja anitukane. Badala yake alinishika kifundo cha mkono, na hakuniachia hadi tulipofika mlangoni kwetu.