Udongo wa Kuoshea Mikono

Mwezi uliopita binti yangu alirudi kutoka shule akiwa amelivaa begi lake kifuani badala ya mgongoni. Alipita sebuleni bila kunisalimia, jambo ambalo si kawaida yake, akaelekea uani moja kwa moja. Nilipomfuata nilimkuta amechuchumaa, zipu ameifungua, na katikati ya madaftari kimetokeza kichwa cha mbwa mdogo mwenye upele, macho yamejaa matongo, anatetemeka mwili mzima. Kumbe alimwokota mtaroni karibu na soko, watoto wenzake walikuwa wanamtupia mawe.

Nikwambie ukweli, rafiki yangu: huruma haikuja kwanza. Kilichokuja kwanza ni aibu. Sisi hapa Rahaleo tunaishi ukuta kwa ukuta, jirani akikaanga vitunguu mimi huku napiga chafya, na habari ya mbwa ndani ya nyumba ya Waislamu haihitaji miguu kutembea. Niliinua macho kutazama kama kuna aliyetuona. Ndipo nikaona mikono ya mtoto imelowa mate ya mbwa, nikaanza kutafuta udongo, na udongo sikuupata. Ua wangu wote ni saruji. Niliitaka mwenyewe, nikamhimiza fundi aipige mpaka kwenye kona. Nilisimama pale na ndoo ya maji mkononi, na bibi yangu akanijia waziwazi kama aliyeketi kizingitini kunisubiri.

Bibi alikuwa anaishi Ziwani, na mimi nililelewa kwake mpaka nikamaliza shule ya msingi. Wewe uliyekulia mashambani huku kwetu utanielewa nikisema kwamba mwaka wetu haukuanza Januari. Ulianza na palizi ya chini ya mikorosho, ukaja msimu wenyewe, mabibo yanaanguka usiku kucha, puu, puu, na asubuhi tunayaokota na kunyonga korosho moja moja huku mikono inanata utamu. Tulikaanga korosho kwenye bati lililotobolewa, moshi unauma macho, mafuta ya maganda yanarukaruka, na aliyeharakisha kula alishinda siku nzima na midomo iliyochubuka. Jioni ni ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Kulikuwa na ming'oko pia, vile viazi vya porini, tunaimenya ikiwa ya moto hivyo hivyo, tunajipulizia vidole. Siku hizi naikuta inauzwa sokoni, naila, siioni ile ladha, labda kwa sababu hakuna wa kugombania naye.

Lakini kilichomfanya bibi ajulikane si korosho. Bibi alikuwa mwosha. Mwanamke akifariki, Ziwani au kijiji cha jirani, aliyeitwa kumwosha maiti na kumvika sanda alikuwa yeye. Kazi hiyo hailipwi, lakini ina heshima yake. Tukipita njiani wanawake walishusha ndoo kichwani kumwamkia, na mimi nyuma yake nilijiona mtoto wa mtu. Kila mtu alijua jinsi alivyo mkali wa tohara, usafi wa ibada. Kata yake ya kunywea maji hakuna aliyeigusa, na mkeka wake wa kuswalia aliukunja mwenyewe.

Basi fikiria ilikuwaje bibi huyo alipookota mbwa.

Wawindaji wa nguruwe pori walipita shambani kwetu, watu wa mbali, wakaendelea na safari yao. Asubuhi tukamkuta mbwa jike amelala chini ya mkorosho, rangi ya majivu, sikio moja limechanika, paja limepasuliwa na jino la nguruwe hadi unaona nyama. Nilidhani bibi ataokota fimbo. Alisimama akamwangalia kwa muda, akaniambia nirudi nyumbani nikachemshe majani ya mwarobaini. Aliosha kile kidonda asubuhi na jioni. Siku za mwanzo alitumia kitambaa alichokifunga kwenye kijiti, baadaye akaona kijiti kinamuumiza mbwa, akakitupa na kutumia mkono wake. Akimaliza anakwenda pembeni, ananawa mara saba, mara moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuoni kwenye Kurani. Udongo aliuchimba kwenye kichuguu kilichokuwa nyuma ya shamba, akauanika mabonge mabonge kwenye ungo mlangoni ili usikosekane.

Yule mbwa alipona, akabaki na kuchechemea. Ndani ya ua hakuingia hata siku moja. Bibi alimwekea gunia chini ya mkorosho wa kwanza, na huo ukawa mpaka wake. Alikula ukoko na vichwa vya samaki, na msimu ukifika alikula mabibo kama sisi. Usiku nguruwe wakija kufukua mihogo alibweka mpaka wanakata tamaa, na mwaka ule ulikuwa wa kwanza sisi kuvuna muhogo wote tulioupanda. Bibi akienda kisimani, mbwa anamsindikiza hadi mwisho wa shamba, analala hapo, anangoja. Akimwona anarudi anajizungusha mwili mzima kwa furaha, na bibi, ambaye mimi mjukuu wake sikumbuki kama aliwahi kunichekea kwa sauti, alicheka. Nilimwonea wivu yule mbwa. Na nilimpenda, lakini nilimpenda shambani tu, mahali ambapo hakuna wa kuniona.

Sasa, jirani yetu wa njia ya kisimani alikuwa mjamzito. Unajua wajawazito wetu na udongo. Kila asubuhi akipita na ndoo yake alisimama mlangoni, akaamkia, akamega bonge moja la udongo wa kichuguu kwenye ungo, akaenda zake anatafuna. Bibi alifurahi kumwona anakula, akawa hata anamchagulia mabonge laini. Hakuna aliyemuuliza mwenzake lolote. Jirani aliamini kwamba ungo ule umewekwa pale kwa ajili yake na wajawazito wengine, na bibi aliamini kwamba jirani anajua udongo ule ni wa kazi gani, kwa kuwa nani asiyejua?

Mpaka asubuhi moja jirani akafika mapema, akamega bonge lake. Bibi alikuwa ametoka kumhudumia mbwa, yuko pembeni ananawa. Bibi akasogea, akachukua bonge kwenye ungo, akalisugua viganjani. Nilikuwa nafagia, nikaona taya la jirani limesimama.

"Shangazi," akasema taratibu, "kumbe udongo huu ni wa mbwa?"

"Ni wa kuoshea mikono, mwanangu. Mbwa hajaugusa."

Ilikuwa kweli kabisa. Lakini jirani alikwishatema, akashika ukuta, akatapika chai na muhogo wake wote pale mlangoni, akajitwisha ndoo tupu akarudi kwake. Adhuhuri haijaadhiniwa, kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba mwosha anawalisha wajawazito udongo wa mbwa.

Unaweza kucheka, na mimi sasa nacheka kidogo. Wakati ule nilitamani ardhi inimeze. Chuoni watoto walisogeza mikeka yao mbali na wangu. Walinibandika jina, sitalitaja hapa. Mwalimu wetu wa chuo, Mungu amlaze pema, alilizungumzia jambo hilo baada ya swala ya Ijumaa. Alieleza kwamba mbwa wa kulinda shamba hana ubaya, na udongo ambao haujaguswa na najisi ni udongo kama udongo mwingine. Watu walimwitikia vizuri sana, kisha wakaendelea na yao.

Jinsi bibi alivyojibu ndiyo iliyozidi kunitia aibu. Mbwa alikuwa hana jina mpaka siku hiyo. Bibi akampa jina: Hayawahusu. Sasa wewe nambie, mtoto wa miaka kumi, unatumwa kumwita mbwa jioni, unasimama njiani watu wanatoka kisimani, unapaza sauti "Hayawahusu!" Nilikuwa namwita kwa kunong'ona. Masikini mbwa wa watu, aliisikia hivyo hivyo akaja.

Kisha akafariki mwanamke mmoja upande wa msikitini. Tulisikia kilio alfajiri. Bibi alioga, akavaa kanga zake safi, akatoa kopo lake na vitambaa vyake, akaketi mlangoni kungoja kuitwa. Alikuwa haendi mpaka aitwe, ndiyo desturi. Jua likapanda. Nikampelekea uji, hakuugusa. Mwanamke akapita mbio njiani, hakugeuza shingo. Baadaye tukajua kwamba wamemfuata mwosha wa kijiji cha mbali, wakamleta kwa baiskeli. Tulikuwa bado tumeketi pale wakati sauti za waliobeba jeneza zilipopita kwenda makaburini, laa ilaha illa Llah, zinakuja, zinapita, zinafifia. Bibi alijifunika uso kwa upande wa kanga. Mimi niliona aibu kwa ajili yake, aibu ya kuona mtu mzima anaumbuka na wewe huna pa kutazama, nikawa nahesabu siafu ukutani.

Jioni nilimwomba amfukuze mbwa. Nilimwambia akiondoka tu, watu watasahau. Bibi alikuwa anakwangua sufuria kutoa ukoko.

"Mimi nawaosha watu ambao hawawezi tena kuniambia asante," akasema. "Huyu naye hawezi. Nimfukuze kwa kosa gani?"

Nilitazama njiani haraka kuona kama kuna aliyesikia, maana maneno hayo nayo yangetosha kutumaliza. Akachukua ukoko akaenda nao shambani.

Mwezi mmoja ukapita, ukapita na wa pili, hajaitwa. Nilianza kuona mikono yake imekuwa haina kazi. Alikuwa anakunja vile vitambaa, anavikunjua, anavikunja tena. Nadhani alikwishaamini kwamba hataitwa tena mpaka anakufa, na kwamba siku yake yeye ataoshwa na mgeni.

Jirani alijifungua salama, mtoto wa kike, mnene. Sisi tulisikia vigelegele tu, hatukualikwa. Masika yakaingia, na katikati ya masika mama yake jirani, ambaye alikuwa ameugua muda mrefu, akafariki. Mama huyo na bibi walitolewa unyago pamoja. Bibi alipopata habari hakuoga, hakutoa kopo. Alikaa jikoni akapepeta mchele ambao ulikwishapepetwa.

Jirani alikuja mwenyewe, mvua inanyesha, mtoto mgongoni. Akasimama mwanzo wa ua, miguu imejaa tope.

"Shangazi, mama aliagiza uoshe wewe."

Bibi hakuinuka. "Mama yako najua," akasema. "Wewe unasemaje?"

Jirani akasogea mpaka mlangoni, akafungua fundo la kanga yake, akaweka kizingitini mabonge ya udongo wa kichuguu, yamelowa mvua. "Nimeuchimba mwenyewe," akasema.

Bibi akatoka. Akanawa pale pale mbele yake, mikono mpaka viwikoni, pole pole, kwa udongo ule, bila kuruka hata mara moja kati ya zile saba. Kisha akaingia ndani kuoga. Mimi nilibeba ndoo. Hayawahusu alitusindikiza hadi mwisho wa shamba, akalala kwenye tope kungoja. Jirani alimpita karibu, akavuta kanga yake kidogo isimguse, na akamwambia, kwa adabu kama anavyoambiwa mtu, "Tunarudi sasa hivi."

Siku zile zimepita, rafiki yangu. Hayawahusu alikufa mzee, hana meno, na bibi akamzika chini ya mkorosho wake bila kumwambia mtu. Bibi alimfuata miaka michache baadaye. Nilifika kutoka mjini nikamkuta ameshaoshwa, na aliyemwosha alikuwa jirani, ambaye tangu siku ya mama yake alikuwa anakwenda na bibi kila msiba kujifunza. Shamba liligawanywa, mikorosho ya mbele ikakatwa. Nilipita mwaka jana kwenye gari la kwenda Madimba, nikakitafuta kichuguu kwa macho. Kimesawazishwa, pamejengwa fremu ya duka, na mlangoni pake wamemwaga saruji kama mimi.

Kwa hiyo siku ile nilimwambia binti yangu asiguse kitu, nikatoka. Jirani yangu wa ukuta wa pili ana maua kwenye makopo barazani. Nilimkuta anayamwagilia. Nikamwamkia, nikamwomba udongo kidogo, akauliza wa nini. Jibu nilikuwa nalo tayari, nimelitunga njiani: napanda mchicha. Uso ulinishika moto kama enzi zile za kunong'ona njiani.

"Tumeokota mbwa," nikasema. "Nataka udongo wa kuoshea mikono."

Alinitazama. Akatazama ukuta wetu, akanitazama tena. Kisha akaweka kopo la maji chini, akachukua kijiko cha bustani, akaniuliza chombo kiko wapi. Sikuwa nimebeba chombo. Nikakunjua pembe ya kanga yangu, nikamkingia.