Maneno Marefu ya Mama

Hadi leo, alasiri ikiingia, masikio yangu humsubiri mama. Wakati kama huo tulikuwa tukiketi mkekani, sebuleni, juu ya duka la vinyago hapa Ndia Kuu, yeye na mimi, tukivunjavunja maneno ya Kizungu. Dada yangu ameolewa ng'ambo, na binti yake hajui Kiswahili. Mama alitaka jambo moja tu: azungumze na mjukuu wake kwa ulimi wake mwenyewe, mimi nisiwe katikati.

Nilianza na maneno mafupi. Akayakataa.

"Hayo ya kuitia tuktuk. Nipe yenye uzito."

Mama alisomea chuo cha Kurani, na kwake elimu ilikuwa ni kusoma kwa hijai, kipande baada ya kipande, mwili ukiyumba. Basi akiyumba: un-be-liev-a-ble. Con-gra-tu-la-tions. Nilimweleza kuwa "un" ikitangulia hulipindua neno, na "ful" ikija nyuma hulijaza. Alifurahi mno.

"Kumbe lina kichwa na mkia, kama nguru."

Wallahi nilichoka. Nina nguo za kupiga pasi, na yeye bado yuko kwenye won-der-ful. Leo ningetoa chochote nichoke vile tena.

Siku ya Idi dada akapiga simu ya video. Mama kajitanda leso mpya, kajitia wanja. Mtoto akatokea analia. Ameanguka, goti linatoka damu. Mama alifungua mdomo. Maneno yake makubwa yote yalikuwapo, na hata moja halikufaa.

"Pole, mamangu, pole," akasema, na mtoto akamkodolea macho tu. Mama akanisogezea simu. "Mwambie nampenda."

"I love you," nikasema.

Mtoto akapangusa pua. "I love you too, auntie."

Neno hilo la mwisho mama alilijua. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, na simu ilipokatika akaniuliza hayo niliyosema yana vipande vingapi.

"Ni maneno matatu, mama. Kila moja kipande kimoja."

"Basi nifunze hayo."

Tulianza kesho yake, na aliyashika upesi kuliko yote. Lakini simu ya dada iliyofuata ilikuwa ya kuuliza maziko ni saa ngapi.