Harufu ya Mahindi Mabichi

Yule bwana anayetafiti saratani ya damu ana mikono ya baridi kuliko ziwa la Minnesota mwezi wa Januari. Siku moja alinisalimu, kiganja changu kikaota barafu mpaka Pasaka. Ni yale mapipa anamogandishia mbegu za damu, zile chembe zinazozaa damu mpya, zilizotolewa kwenye uboho wa wagonjwa. Siku ya kuwarudishia, huuyeyusha mfuko wa mbegu hizo kwenye maji ya vuguvugu, akiuminyaminya polepole kama anayebembeleza, kisha husimama pale hadi tone la mwisho liingie mshipani. Hapo chumba kizima hunuka mahindi mabichi yaliyochemshwa. Ni ile dawa ya kugandishia, humtoka mgonjwa kwa pumzi. Wauguzi hujipepea na kutoka mmoja mmoja. Yeye husogea karibu.

“Wewe baba, mbona unamnusa mjukuu wangu?” nilimtania siku ya zamu ya Marit kurudishiwa mbegu zake.

“Samahani, bibi. Mke wangu alinukia hivi siku zake za mwisho.”

“Bibi, mwache anuse,” Marit akasema. “Mimi mwenyewe najiona gunzi.”

Siku ya tatu alikuja kuchukua damu ya utafiti wake. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi ndefu. Harufu ilikwisha toka. Mabega yakamshuka. Nikamtolea mkobani foronya ya Marit, niliyoifunga kwenye mfuko wa nailoni tangu jioni ya siku ile ya zamu yake, harufu isitoke.

“Lakini bibi, hii ni mali ya hospitali,” akanong’ona.

“Basi nishtaki.”

Akaitia ndani ya koti, wala mfuko hakuufungua.