Shimo la Makumbi na Simu ya Marehemu

Habari hii ameisimulia Bi Mwanawema Kificho mwenyewe, Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa amekaa topeni kwenye pwani ya Kisiwa Panza, gongo la kupondea mkononi. Wala hakusimamisha kazi ili aisimulie.

Saa moja asubuhi, maji yametoka. Bi Mwanawema, mwenye miaka hamsini na miwili, anafukua makumbi ya nazi aliyoyafukia miezi minane nyuma. Yananuka, asikwambie mtu. Anayaweka juu ya gogo, anayaponda mpaka yatoe usumba, zile nyuzi zake, kisha atauosha, atauanika, atausokota kamba. Wiki ikiwa nzuri hupata shilingi elfu kumi na tano.

"Viganja hivi usivitazame," anacheka. "Marehemu alikuwa akinambia, wewe ukinikuna mgongo huna haja ya kucha."

Marehemu ni mumewe, Msellem, mchumaji wa karafuu. Kila msimu alikuwa akinunua vipande vya mfuko wa uwekezaji kwa simu, leo elfu ishirini, kesho elfu kumi. Alipofariki mwaka jana, vilikuwa vimefikia shilingi milioni tatu na laki sita. Namba ya siri alimwachia mkewe. Na mkewe alikuwa na nia moja tu: binti yao, Samiha, aingie chuo cha uuguzi.

Lakini alikuwa ndani ya eda. Miezi minne na siku kumi hatoki, na habari za nje zinamwingilia dirishani. Aliyezileta ni shemeji yake, Rajab.

"Shemeji, usithubutu kusema kafa," Rajab alimnong'oneza. "Wakijua tu, kodi ya urithi hiyo, nusu yote yaenda. Mwache Msellem aishi kwenye simu."

Basi Msellem akaishi. Kila mwezi Bi Mwanawema alimtilia vocha laini isifungwe. Kila jioni alimchaji. Gawio likiingia, alilitoa kwa namba ile ile, akanunulia unga. Na ujumbe ukija, "Ndugu Msellem, tunakujulisha", yeye husema kwa sauti, peke yake chumbani, "Msellem, waitwa."

Mwaka ukapita. Ndipo ukaja ujumbe mwengine: Ndugu Msellem afike mwenyewe ofisini Chake Chake, na kitambulisho, kabla mwezi haujaisha. Asipofika, akaunti inafungwa.

Rajab hakukosa dawa. "N'takwenda mie. Pua yetu moja."

"Na meno je?" Bi Mwanawema akamuuliza. "Msellem alikuwa nayo."

Wiki hiyo hiyo lilikuwa lifukuliwe shimo la Bi Safari, jirani aliyefariki kabla ya Ramadhani. Pale pwani kila mwanamke ana shimo lake, kaliwekea mawe ya alama. Mwenye shimo akifa, haliguswi mpaka warithi wake wawepo wote na wanawake wenziwe washuhudie. Siku ile binti mmoja wa marehemu alikuwa bado njiani, na nduguye akashika jembe.

Aliyepaza sauti ni Bi Mwanawema. "Weka jembe chini! Mwenzio hajafika."

Papo hapo akaketi topeni. Wenzake wakadhani kachomwa na mwiba.

"Maneno yangu mwenyewe yalinirudia," anasema. "Makumbi yananuka vile, twaita mashahidi. Mie shimo la Msellem n'nalo mkobani, ile simu, nalifukua peke yangu, na mrithi hajui."

Mrithi huyo ni Haroub, mtoto wa Msellem kwa mke wa kwanza, muuza nguo Konde. Bi Mwanawema alimpigia pale pale, miguu imo topeni.

"Haroub, mwanangu, baba yako kaacha kitu, na mie nimekificha."

Haroub akasema, "Kesho n'takukuta Chake, mama."

Ofisini walipokewa na karani aitwaye Epifania. Bi Mwanawema hakungoja kuulizwa.

"Mume wangu amekufa, mwaka sasa. Nikateni hiyo nusu, roho itulie."

"Nusu ya nini, mama?"

"Kodi ya urithi."

Epifania akaweka kalamu. "Pole na msiba, mama. Kwenye mfuko wetu huu, kurithi vipande hakukatwi kodi. Inayokatwa ni kodi ya gawio, nayo inakatwa huku huku kabla hamjalipwa. Mzee alikuwa anakatwa tangu yu hai. Hata mwaka huu amekatwa."

"Yarabi! Yumo kaburini na analipa kodi?"

"Amelipa, mama. Nyie si mlisema yupo?"

Haroub alicheka mpaka akajifuta machozi. Haikujulikana yapi ya kicheko na yapi ya baba.

Walitakiwa kupeleka cheti cha kifo na hati ya Kadhi yenye mafungu ya warithi. Miezi miwili ikapita kabla ya kulipwa: laki nne na nusu kwa mjane, milioni moja na elfu hamsini kwa Samiha, milioni mbili na laki kwa Haroub. Bi Mwanawema akafungua kitambaa, akatoa elfu tisini, gawio alilokula peke yake.

Haroub akamrudisha mkono. "Hizo ziache, mama. Wewe ndiye uliyekuwa ukimtilia baba vocha."

Rajab siku hizi hupita mbali na pwani. Wanawake wakimwona huitana, "Pua hiyo yapita!"

Samiha anaanza chuo mwezi ujao. Ada ya mwaka wa kwanza ipo. Ya mwaka wa pili bado, na ndiyo maana Bi Mwanawema, asubuhi hii, amechimba shimo la pili karibu na lake la zamani. "Hili ni mwaka wa pili wa Samiha," anasema, akipanga mawe.

Adhuhuri ameshasali, amejinyoosha kwenye kitanda alichokiwamba kwa kamba zake mwenyewe. Simu ya Msellem iko kabatini, laini imefungwa. Mkono wake unanyooka kuutafuta waya wa chaji, unakumbuka, unarudi kifuani. Samiha hajamaliza kuosha vyombo, mama yake ameshalala.