Maji Sikuyapima, na Mama Alikuwa na Kidonda

Admin, nifiche jina, kaka zangu wako humu kundini. Nina miaka 54, mzaliwa wa Mombasa, naishi Katy, nje ya Houston. Hili ni la miaka ya elfu mbili mwanzoni na sijawahi kulisema.

Mamangu alikuja kunitembelea. Ana sukari, na magoti yalikuwa yakimuuma. Nyumba niliyonunua ilikuwa na hot tub uani, lile beseni kubwa la maji moto la kujiloweka, akaipenda sana. Kuyatunza yale maji ilikuwa kazi yangu: unachovya kijikaratasi, unatazama rangi, klorini, dawa ya kuua vijidudu, ikipungua unaongeza, pH ikipanda unaishusha. Lakini nilikuwa nafanya shifti mbili nyumba ya wazee, na ilikuwa wiki ya tatu sijapima kitu. Maji yalishaanza kuwa na ukungu.

"Maji yako sawa, mwanangu?" aliniuliza. Alikuwa na kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu.

"Sawa, mama. Ingia."

Siku mbili baadaye mguu umevimba, kiatu hakiingii. Hospitali, daktari akauliza kama aliingia kwenye maji yoyote. Mama hajui Kiingereza, mimi ndiye niliyekuwa natafsiri.

"Asemaje?"

"Auliza kama ulitembea pekupeku."

"Nilitembea. Pale uani, nikianika nguo."

Nikamgeukia daktari nikamwambia hakuingia majini, alitembea pekupeku tu. Labda ningesema kweli wangempa dawa nyingine mapema. Sijui. Sikuuliza.

Nilirudi nyumbani nikapima maji. Kwenye kijikaratasi, mahali pa klorini pakabaki peupe, haikuwamo hata kidogo. Nikayafungulia maji yatoke, nikakaa pale mpaka yakaisha yote. Sikulia. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Kaka yangu alimgombeza kwenye simu: "Mama nawe, una sukari, watembeaje pekupeku?" Mimi nikashukuriwa kwa kumuuguza.

Tangu hapo anaishi kwangu, na sasa hata nguvu hana. Ijumaa iliyopita nikimvisha, akanishika mkono. "Nisamehe, mwanangu. Ujinga wangu ndio umekufunga miaka yote hii."

Nikamwambia, "Inua mkono, mama," nikamfunga vifungo.

Wenzangu, nimwambie, na moyo wake ni dhaifu, au nimwache aende akijilaumu? Mimi mwenyewe hata sijui kama nasikia uchungu. Nishaurini, ila huruma msinionee.