Nilivyokalia Kigoda cha Maonyesho

Wenzangu, bado uso unaniwaka. Mimi na mke wangu tulitoka Kasongo kwenda kumtembelea binti yetu, aliyechumbiwa Ubelgiji. Asubuhi wakwe zake watarajiwa walituzungusha madukani, nikanunua viatu vilivyonibana vibaya. Mchana wakatupeleka kwenye jumba la sanaa. Humo nikaona kigoda kama cha marehemu baba kule Lusangi. Nikavua viatu, nikakikalia. King'ora kikalia jumba zima.

"Papa, simama! Ile kiti haiko ya kukalia!" binti yangu alinikemea.

"Kama haiko ya kukalia, iko ya nini?" nilimjibu kwa sauti.

Mlinzi akaja mbio. Watu wote wakageuka, wakwe mbele yao. Nilisimama peku, viatu mkononi, nikamsikia binti yangu akimwambia mlinzi kwa Kifaransa, kichwa chini, "Tusamehe. Huyu ni baba yangu."