Injini Nzito kwa Ndege ya Nyaya

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Durban nikisomea uzamili wa uhandisi wa mitambo. Nilipanga chumba Glenwood, katika nyumba kuukuu ya mbao na mabati, na mwenye nyumba alikuwa mjane Mzungu wa miaka sabini na kitu, nyonga yake mbovu, maneno yake machache. Siku moja aliniita garajini akanionyesha ndege ndogo ya mbao iliyoning'inia darini. Haikuwa ya kuongozwa kwa redio. Ilikuwa ndege ya nyaya: mtu husimama katikati ya uwanja ameshika mpini, nyaya mbili nyembamba zinatoka kwenye mpini hadi kwenye bawa, na ndege inamzunguka. Akiinamisha mpini huku, inapanda. Akiuinamisha kule, inashuka. Marehemu mumewe ndiye aliyeiunda. Injini yake ilikuwa imeliwa na kutu ya hewa ya chumvi.

"Wewe unasomea injini," alisema. "Desemba nahamia kwa binti yangu, Australia. Ningependa kuiona ikiruka kabla sijaondoka."

Nilimwambia hilo ni jambo dogo. Ilikuwa Agosti.

Wiki hiyo nilimweleza msimamizi wangu wa masomo, naye akafungua kabati la maabara akanipa injini ndogo iliyotosha kiganjani, ambayo mwanafunzi mmoja aliitumia zamani kupima moshi. Ilikuwa ya mipigo minne, yenye valvu zake ndogo juu kama injini ya gari, wakati ndege ile iliundiwa injini ya mipigo miwili, nyepesi, isiyo na valvu. Sikuona tatizo. Nguvu ni nguvu, nilijiambia, na nikaandika hesabu zangu kurasa nne.

Injini ya mipigo minne ni nzito zaidi. Nilipoifunga, ndege iliinamisha pua kama kuku anayedonoa. Nikanunua chubwi, vile vipande vya risasi vya kuzamishia nyuzi za wavuvi, nikazibandika mkiani hadi ikakaa sawa. Kisha nikagundua kwamba injini hiyo inataka propela kubwa, nayo propela kubwa iligusa ardhi. Nikatengeneza miguu mirefu ya chuma. Miguu ikaongeza uzito mbele, nikaongeza chubwi nyuma. Kufikia mwisho wa Septemba ndege ilikuwa nzito karibu mara moja na nusu ya ilivyokuwa, na mimi nilikuwa nikiiota.

Jumapili moja, baada ya ibada ya Kiswahili tuliyokuwa tukiifanya alasiri katika ukumbi wa kuazima, nililalamika kwa wenzangu kuhusu chubwi zangu. Mwanamume mmoja wa makamo, Mkongo kutoka Lubumbashi, aliyekuwa akipanga viti, aliacha kiti alichokishika.

"Mama, ni ndeke ya kweli ao ya kuchezea?"

Nilikuwa na miaka ishirini na sita na sikuwa na mtoto, lakini Wakongo walituita wanawake sote mama kwa heshima, nasi tukawaita wanaume wao papa. Nilimwambia ni ya kuchezea, ila ina injini ya kweli. Alitabasamu kidogo. Kwao alikuwa fundi wa ndege ndogo za abiria kwa miaka kumi na minane. Durban alikuwa akilinda magari South Beach, chini ya maghorofa, akiwa amevaa fulana ya rangi ya machungwa, akiwaonyesha watu mahali pa kuegesha. Vyeti vyake vya ufundi vilibaki nyumbani siku walipokimbia, na bila vyeti hakuna aliyemkubalia kugusa ndege.

Jumamosi iliyofuata alikuja garajini. Aliizunguka ndege mara mbili, akaipima kwa vidole viwili chini ya mabawa, akagusa chubwi zangu moja baada ya nyingine.

"Mama, hii ndeke umeiwekea magonjwa mbili," alisema. "Kichwa iko nzito, sasa umeongeza matako. Kata pua. Rudisha motere nyuma."

"Siwezi kuikata, papa. Ni kazi ya mikono ya marehemu."

"Marehemu hataipanda."

Sikuikata. Nilimwonyesha kurasa zangu nne za hesabu. Alizisoma zote kwa makini, ukurasa hadi ukurasa, akanirudishia, akarudi kuangalia pua. Hilo liliniudhi kuliko kama angebisha.

Juu ya meza injini ilinguruma vizuri. Niliifunga kwa vibano, nikarekebisha sindano ya mafuta, ikaunguruma dakika kumi mfululizo bila kukohoa, na harufu ya mafuta ya nyonyo, yanayochanganywa kulainishia injini hizo, ikajaa garaji. Basi mwanzoni mwa Oktoba mwenye nyumba alituendesha kwa gari lake hadi uwanja wa wazi upande wa Isipingo. Aliposhika mlango ili ashuke nilimwambia, "Kaa tu ndani, mama, usije ukaumia kwenye nyasi." Akakaa, akafungua dirisha.

Fundi alishika ndege, mimi nikashika mpini. Aliiachia. Ilikimbia, ikajikongoja, ikanyanyuka hadi urefu wa kiuno. Haikumaliza nusu mzunguko. Sauti ya injini ilipanda ghafla, nyembamba kama ya mbu, kisha ikakatika. Nyaya zikalegea mkononi mwangu, na ndege ikaanguka ubavu. Bawa moja lilichanika.

Nililitengeneza kwa wiki mbili. Tukarudi. Ikawa vilevile: nusu mzunguko, sauti ya mbu, kimya. Safari hiyo uliumia mkia, na chubwi tatu zikapotelea majanini. Nilipiga magoti kuzitafuta nikiwa na machozi ya hasira. Nilikuwa nimebadilisha plagi, nikapima nafasi za valvu, nikasafisha kabureta. Kila nikiirudisha mezani ilinguruma kama kwamba haijawahi kukosea.

"Juu ya meza haizunguke," fundi alisema, akichuchumaa kando yangu. "Hapa inazunguka. Mafuta inasukumwa inje, mbali na wewe, na kabureta ya hii motere iko ndani. Motere iko na kiu, mama. Sogeza tangi huku ndani, upande yako."

Nilijua papo hapo kwamba ni kweli. Ni fizikia ya kidato cha tatu. Kabureta ya injini yangu ilikaa mahali tofauti na ile ya zamani, na mimi nililiacha tangi pale pale. Badala ya kumshukuru nilimuuliza kwa nini hakusema mapema.

"Nilisema juu ya pua," alijibu, "ukanipa makaratasi."

Tulirudi kwenye gari tumebeba vipande. Mwenye nyumba alikuwa akitutazama muda wote. Fundi aliinama dirishani, akamuuliza kwa Kiingereza chake cha taratibu swali ambalo mimi sikuwahi kuliuliza kwa miezi mitatu: hii ndege, mume wako alikuwa anairusha vipi?

"Hakuwahi kuirusha," alisema. "Alikuwa anapata kizunguzungu. Yeye aliunda, mimi nilirusha. Miaka ishirini na saba."

Nilisimama na mkia mkononi. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza.

"Hukuuliza. Uliniambia nikae garini." Hakulisema kwa ukali. "Na unashika mpini kama mtu anayezuia mbwa. Unainyima nafasi ya kupumua."

Siku hiyo nilikasirika njia nzima, na sikujua ni nani wa kukasirikia zaidi ya mimi mwenyewe. Usomi wangu wote ulikuwa umenifundisha kuangalia injini. Nilikuwa nimekaa kati ya watu wawili waliojua kila kitu nilichokihitaji, nikamkalisha mmoja garini na mwingine nikamsomesha hesabu.

Jioni hiyo hiyo mwenye nyumba alikuja garajini na msumeno mdogo. Aliuweka mbele yangu.

"Mume wangu alikata pua za ndege zake zote," alisema. "Kila alipobadilisha injini alizikata, tena bila huruma. Kata."

Nilikata pua upana wa vidole vinne. Fundi alikuja Jumamosi tatu, alipotoka kazini. Tulirudisha injini nyuma, tukang'oa chubwi zote, tukasogeza tangi ndani kwa unene wa kidole gumba. Mikono yake ilifanya kazi bila haraka, na sikumsikia akinung'unika hata skrubu ilipokatika ndani ya mbao. Siku moja tu, akipangusa vidole, alisema, "Miaka tatu sijashika motere ya ndeke." Kisha akaomba bisibisi.

Wiki ya kwanza ya Desemba tulirudi uwanjani, na mwenye nyumba akashuka garini. Alitembea polepole hadi katikati, akiegemea mkono wangu, akavua viatu. Nilitarajia anipe mpini baada ya kunielekeza. Hakunipa.

Fundi aliiachia. Ndege ikanyanyuka bila kujikongoja. Sauti yake ilikuwa nzito, ya chini, si ule mlio mkali wa injini ndogo nilizowahi kuzisikia, na haikubadilika. Mama yule alikuwa akizunguka kwa hatua ndogondogo, miguu mitupu kwenye nyasi, uso mkavu kabisa. Mzunguko wa kumi na moja aliipandisha juu ya kichwa chake na kuishusha upande wa pili. Fundi aliweka mikono kichwani. Nami, badala ya kufurahi, nilikuwa nikisikiliza injini, nikisubiri iharibike.

Ikaharibika. Kwenye mzunguko wa kumi na saba au kumi na nane ilipiga kishindo, nati ikafunguka, propela ikaruka zake kuelekea barabarani. Mwenye nyumba alirudi nyuma hatua mbili kukaza nyaya, ndege ikateleza kimya, ikagusa nyasi kwa magurudumu yote mawili.

"Mafuta yalikuwa haba kidogo," aliniambia. "Ungefungua sindano robo zaidi."

Nilitaka zamu yangu. Nilitafuta propela saa nzima, nikaipata imevunjika, na sikuwa na nyingine ya ukubwa ule. Siku sita baadaye alipanda ndege ya kweli kwenda kwa binti yake. Alinipa mashine yake ya kushonea. Ndege ya nyaya, pamoja na mpini, alimpa fundi.

Nilikiri kwa fundi kwamba iliniuma. Alicheka, akasema, "Mama, lete propela, utarusha." Lakini Januari msimamizi wangu aliitaka injini yake, nikaifungua na kuirudisha maabara, na kabla sijapata nyingine fundi alihamia Johannesburg kufuata karatasi zake za ukimbizi. Ndege aliibeba kwenye basi, ameiweka magotini, bila injini. Mimi mwenyewe sijawahi kumaliza hata mzunguko mmoja.